Shuka Jeupe la Makwasinyi

Kwa zaidi ya miaka ishirini Gertrude Mwashumbe alikuwa na shuka moja ambalo halikulaliwa na mtu. Lilikuwa jeupe, la pamba nzito, pana kiasi cha kufunika kitanda cha watu wawili na bado kuburura sakafuni. Alilinunua Voi kwa ajili ya kitanda cha wageni, akiwa na hakika kwamba siku moja askofu angefika kijijini kwao Makwasinyi na kukosa pa kulala. Askofu alifika mara mbili, na mara zote mbili alirudi kulala mjini. Shuka likabaki kabatini, limekunjwa vizuri, linanukia sabuni, mpaka lilipopata kazi nyingine: kumwambia mwanawe wa kwanza, akiwa huko juu angani, kwamba mama yake yupo. Kazi hiyo liliifanya bila kukosa, hadi asubuhi moja ya Novemba ilipombidi aliondoe kwa mikono yake mwenyewe, ili mwana wa kwanza apate kumwona wa pili.

Mwana wa kwanza ni Zephaniah, ambaye sasa ni Meja Zephaniah Mwashumbe, rubani wa helikopta za jeshi. Wa pili ni Titus, fundi wa mifereji ya maji. Kati yao ipo miaka tisa, na baba waliyempoteza Zephaniah akiwa kidato cha pili na Titus akiwa bado anajifunza kufunga kamba za viatu. Baba yao alikuwa mfanyakazi wa reli. Alipoondoka, Gertrude alibaki na shamba la kunde na mtama, mbuzi wachache, na mikono iliyojua kusuka vikapu vya mkonge. Vikapu vikawasomesha.

Zephaniah alianza kupenda ndege akichunga mbuzi chini ya mlima Kasigau. Kila baada ya miaka kadhaa kijindege kidogo kilipita chini chini kwenye nyika, kikihesabu ndovu wa mbugani, naye alikimbia chini yake akihesabu pia. Jioni alimletea mama yake hesabu. "Leo arobaini na wawili." Mbuzi, je? Mbuzi hakuwahesabu, na mara nyingi walipungua.

Alipokwenda kuandikishwa jeshini, ofisa mmoja alimuuliza mbele ya wenzake anaogopa nini zaidi duniani. Wengine walikuwa wamejibu kwamba hawaogopi kitu. Yeye alisema, "Kukosa kanisa Jumapili, afande." Uwanja mzima ukacheka. Kuanzia siku hiyo jina lake likawa Askofu, na jina hilo limemfuata kambi kwa kambi hata baada ya kupanda vyeo, kiasi kwamba wapo askari wadogo wanaodhani ndilo alilobatizwa nalo.

Alikuwa na miaka ishirini na mmoja alipompigia mama yake simu kumwambia kwamba Alhamisi atapita juu ya nyumba.

"Utapitaje juu ya nyumba?" Gertrude akauliza. "Umekuwa kunguru?"

"Tuko mafunzoni, Mama. Tunatoka bara tunakwenda pwani, na njia yetu inapita kando ya Kasigau."

"Na mimi nitakujuaje? Hizo ndege zote kelele zake ni moja."

"Wewe hutanijua. Mimi ndiye nitakayekujua. Tandaza kitu cheupe pale kwenye mwamba wa kunde."

Nyuma ya nyumba yao upo mwamba mweusi, bapa, mpana kama sakafu ya kanisa, ambapo Gertrude huanika kunde na mtama. Alhamisi ile alizoa kunde zote, akaufagia mwamba, akatandaza shuka la askofu na kuweka jiwe kila pembe. Kisha akaketi kando yake tangu chai ya asubuhi, na Titus akaketi kando yake yeye. Saa nne na nusu helikopta ilitokea upande wa Voi, ndogo kama mdudu, ikakua. Ilipofika usawa wa mlima iliinama kushoto, kisha kulia, kama mtu anayeitikia kwa kichwa mara mbili, ikaendelea na safari. Haikuzunguka. Haikushuka.

"Ni hivyo tu?" Titus akauliza.

"Ni hivyo tu," mama yake akasema, na hapo ndipo alipogundua kwamba uso wake umelowa.

Jioni Zephaniah alipiga simu. "Nimeliona, Mama. Wewe uwe unalitandaza tu kila nikikwambia. Siku nisipoliona nitajua kuna jambo."

Maneno hayo aliyasema kwa wepesi, kama kijana. Gertrude aliyachukua kama kiapo. Mwaka alioshikwa na homa ya mapafu na kushindwa kuinuka, alimtuma jirani yake Tryphena alitandaze, na akamsimamia kutoka dirishani: "Jiwe la nne! Hujaweka jiwe la nne!"

Ni Tryphena huyo aliyeanzisha mengine. Yeye ni mwenyekiti wa Umoja wa Akina Mama kanisani, mjane pia, mwenye mdomo mwepesi na moyo mwepesi zaidi. Mara iliyofuata helikopta iliposikika, naye alikuwa ametandaza kitu chake juu ya paa la choo.

"Hicho ni nini?" Gertrude akamuuliza kwa sauti, kutoka ng'ambo ya ua.

"Chandarua. Sina shuka jeupe, mimi si wa kungoja maaskofu."

"Atadhani kijiji kizima tuna malaria."

"Na adhani. Mtoto si wako peke yako. Nani alimnyoa alipopata chawa?"

Baada ya Tryphena wakaja wengine. Mwalimu mkuu akatoa kitambaa cha meza. Watoto wakavua mashati ya shule. Habari ikazunguka mlima, kijiji kwa kijiji, kwamba yule rubani ni mtoto wa Kasigau na kwamba husalimu akiona cheupe, na kufikia mwaka wa kumi ilikuwa desturi ya mlima mzima. Helikopta ya kijani ikisikika, watu waliacha majembe wakakimbilia makabati. Hawakujali kama aliyemo ni yeye au mwingine. Zilizopita bila kuinama walizisamehe.

Na yeye hakupita mara nyingi. Mara mbili kwa mwaka, pengine tatu. Upo mwaka ambao hakupita kabisa. Watu walimwomba. Kulipokuwa na arusi kijijini, bibi arusi mwenyewe alimpigia simu amsihi apite mara moja tu, picha zipendeze. Alikataa kwa upole uleule anaotumia kukataa pombe kwenye meza za maofisa. "Ndege si yangu, mafuta si yangu," alisema. "Njia ikipita huko, nitawasalimu. Isipopita, nitawaombea." Wengine waliona anaringa. Gertrude, ambaye ndiye aliyetamani kuliko wote, aliona kwamba huyo ndiye mtoto aliyemlea, na akajilaumu kidogo kwa kumlea vizuri mno.

Kazi yake haikumwachia Jumapili nyingi, kwa hiyo akatafuta njia yake. Kila Jumapili, saa saba mchana, popote palipo na mtandao, anampigia mama yake. Swali la kwanza ni moja tu.

"Mhubiri amesema nini?"

Gertrude, ambaye kwa maisha yake yote alikuwa amezoea kusinzia kuanzia somo la pili, ilimbidi ahame benchi la nyuma na kuketi mbele.

"Amehubiri habari za Nuhu."

"Akasema nini juu ya Nuhu?"

"Kwamba alikuwa mvumilivu. Kwamba mvua ilinyesha."

"Mama. Ulisinzia?"

"Nilifumba macho nikiomba."

"Mama!"

"Kidogo tu. Hapo wanyama walipokuwa wanaingia. Ni wengi wale, mwanangu."

Mhubiri mwenyewe alikuja kujua. Siku hizi akifika penye jambo kubwa hupunguza mwendo, akamtazama Gertrude na kumuuliza mbele ya watu, "Mama Zephaniah, hilo umelipata, au nirudie?"

Mke wa Zephaniah, Abby, ni muuguzi mjini Voi. Walijuana hospitalini, siku aliposhusha majeruhi wa ajali na kukataa kuondoka kabla hajaambiwa majina yao, ili ajue anamwombea nani. Wana nyumba Kaloleni, mtaa mmoja wa mji huo, nyumba ya vyumba vitatu yenye mpapai mlangoni, na binti wa miaka kumi na miwili anayeitwa Lois. Lois alizaliwa baba yake akiwa kazini ng'ambo ya mpaka. Sauti ya kwanza ya mtoto wake aliisikia kwa simu mbovu iliyokatika kabla hajajua kama ni kilio au ni mtandao. Hajasema mengi juu ya hilo. Lakini tangu hapo, akiwa likizoni, simu yake hukaa kwenye droo ya jikoni, naye humpeleka Lois shule kwa miguu. Kwa gari ni dakika tano, kwa miguu ni ishirini, naye anataka ishirini.

Abby ana alama yake ya kumsoma. Kabla ya kila safari ndefu, Zephaniah huzunguka nyumba akirekebisha vitu: bawaba ya lango, taa ya ukumbini, mfereji unaodondoka. Hasemi anaondoka. "Nikimwona ameshika bisibisi," Abby alimwambia mama mkwe wake siku moja, "natoka nje nikaanike nguo, ili asinione uso." Gertrude alilikumbuka neno hilo kwa sababu yeye pia, marehemu mumewe alipokuwa anaondoka kwenda kwenye reli, alikuwa na mambo yake ya kwenda kufanya nje.

Sasa tufike Novemba. Mwaka juzi mvua zilikuja kwa hasira. Barabara zilikatika, mito mikavu ya nyikani ikabeba magari, na helikopta ya Zephaniah ikaletwa Voi kupeleka chakula kwa watu waliozingirwa na maji. Alilala kwenye hema kando ya uwanja wa ndege, mwendo mfupi kutoka kitanda chake cha Kaloleni, kwa sababu amri ilikuwa wakae karibu na mitambo. Abby alimpelekea chakula langoni.

Kule Kasigau mvua ilibeba bomba. Maji ya vijiji vyote hushuka kwa mabomba kutoka msitu wa juu mlimani, ule unaoshika ukungu, na bomba likikatika ni Titus anayepanda. Alipanda Jumatatu na mwenzake Kituku. Jumanne jioni Kituku alishuka peke yake, upande ambao hawakupandia, ametambaa kwenye korongo, viganja vimechunika. Mlima ulikuwa umeporomoka. Titus alikuwa amevunjika mguu juu ya goti, yuko kwenye mwamba chini ya msitu, upande wa kati ya Makwasinyi na kijiji cha Jora. Mwamba upi? Kituku alilia. Kulikuwa na ukungu, hakuona hata miguu yake.

"Nimemwachia gunia la unga, lile jeupe," alisema. "Nikamwambia, ukisikia ndege, litandaze."

Wanaume walijaribu kupanda wakazuiwa na maporomoko. Gertrude akachukua simu.

"Njoo umtoe ndugu yako."

"Mama," Zephaniah akasema, "siwezi kuichukua helikopta kama baiskeli ya jirani. Mwambie chifu apige simu kaunti sasa hivi, kaunti iombe. Na mimi nitamweleza mkubwa wangu. Wakinituma nitakuja. Wakimtuma mwingine, ni mzuri kama mimi."

"Uko Voi. Dakika ishirini."

"Najua niko wapi, Mama."

Gertrude alikata simu bila kumwambia Mungu akubariki. Katika miaka yote hakuwahi kuacha kusema hivyo. Alikaa kitandani mwa Titus akiona uzito wa jambo moja: kwamba mwana aliyekuwa tayari kuwaombea majeruhi asiowajua kwa majina yao, alikuwa anamweka ndugu yake kwenye foleni kama mtu yeyote. Lilimkera, na chini ya kero hiyo lilikuwepo jambo jingine ambalo hakutaka kuliangalia, kwamba hakuwa na haki ya kushangaa.

Ombi lilifika, pamoja na habari ya gunia jeupe, kibali kikatoka, na mkubwa wa Zephaniah akamuuliza kama ataweza kuruka akijua aliye mlimani ni nani. Akajibu kwamba ataweza. Asubuhi ya Jumatano, ukungu ulipoinuka majira ya saa nne, mlio ulisikika upande wa Voi.

Watu wa Kasigau walifanya walichofanya kwa miaka ishirini. Safari hii walikifanya kwa moyo wote. Tangu alfajiri akina mama wa umoja walikuwa wamekubaliana kwamba Zephaniah asije akaona mlima mtupu. Aone kwamba wote wako naye, wanamwombea yeye na ndugu yake. Kwa kuwa chini kulikuwa na matope, walipanda hadi kwenye miamba ya juu isiyoguswa na maporomoko, kila mmoja upande wa kijiji chake. Mashuka, vitambaa vya meza, magauni ya ubatizo, magunia. Gertrude alitandaza lake kwenye mwamba wa kunde, na mawe manne, akapiga magoti kando yake.

Helikopta ilifika. Ikaenda moja kwa moja hadi mwamba mmoja wa juu, ikashuka polepole, ikaning'inia hapo, ikapanda. Ikaenda kwingine, ikashuka, ikapanda. Ikaenda kwingine.

"Mbona anashuka kwa Mwalimu?" Gertrude akauliza.

"Anamsalimu," Tryphena akasema.

"Zephaniah hajawahi kushuka kumsalimu mtu."

Aliinuka. Akatazama mlima kama mtu ambaye hajauona, na akauona jinsi mwanawe alivyouona: cheupe hapa, cheupe pale, vyeupe ishirini, thelathini, na kimoja tu kati yavyo kilikuwa na mtoto wake. Na juu kabisa, ukungu ulianza tena kujikusanya.

"Tryphena. Tunamficha Titus."

"Nini?"

"Anatafuta gunia jeupe! Sisi wote ni magunia meupe!"

Chifu, mwenye simu ya upepo ya kuzungumza na marubani, alikuwa kijiji cha Rukanga. Hakukuwa na muda. Gertrude alimwambia Tryphena atume ujumbe kwenye kikundi cha akina mama, vijiji vyote, kwa sauti, ili mtu asihitaji kusoma. Tryphena akaishika simu karibu na mdomo kama anayetaka kuila: "Anueni! Anueni nyeupe zote sasa hivi! Usiniulize kwa nini, anua! Hata soksi!" Alama ya mtandao ikazunguka, ikazunguka.

Gertrude alikwishageuka kwenye shuka lake. Hapo akasita.

Siku nisipoliona nitajua kuna jambo. Mwanawe alikuwa juu ya mlima, anatafuta mdogo wake, na sasa angetupa jicho chini na kukuta mwamba mtupu. Jana alikatiwa simu bila baraka. Angefikiri nini? Je, kama mkono ungemtetemeka? Alisimama na pembe moja ya shuka mkononi kwa muda ambao baadaye aliusimulia kama saa nzima, na Tryphena akasema haukufika hata kumaliza Baba Yetu. Kisha akaliondoa jiwe la kwanza. La pili. La tatu. La nne. Akalivuta lote, akalikumbatia kifuani, matope na yote, akakimbilia kwenye kengele ya kanisa.

Kengele ya Makwasinyi ni kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa mnyororo, alicholeta marehemu mumewe. Alikipiga kwa nyundo yake bila mpangilio, jinsi kinavyopigwa kukiwa na moto. Watu kwenye miamba wakageuka. "Anueni!" akapiga kelele. "Anueni!" Mmoja akaelewa, akampigia mwingine kelele juu yake, na neno likapanda mlima kwa midomo upesi kuliko lilivyopanda kwa simu.

Ndipo helikopta ikafanya jambo lililomkausha damu. Ilipanda. Ikauacha mlima, ikaenda juu, mbali, ikasimama hewani kama iliyokata tamaa.

"Anaondoka," Gertrude akasema. "Ameona mwamba mtupu, anaondoka."

Tryphena akakinga macho kwa kiganja, akaitazama.

Haikuondoka. Ilikaa pale dakika moja, ya pili. Kisha ikainamisha pua, ikashuka moja kwa moja upande wa Jora, hadi penye ukingo wa msitu, na ikatulia. Kamba ikateremka. Kutoka chini hakuonekana mtu, kamba tu, nyembamba kama uzi wa kushonea. Ilipopanda ilikuwa imebeba kitu. Helikopta ikapita juu ya Makwasinyi ikielekea Voi, imenyooka. Haikuinama kushoto wala kulia. Ilikuwa na mgonjwa.

Kule Voi, Abby ndiye aliyempokea shemeji yake. Kwa nusu dakika alimwona mumewe kupitia kioo, kofia kichwani, akimtazama Titus akibebwa. Abby alisema midomo ya mumewe ilikuwa ikicheza kama ya mtu anayeomba. Kisha mlango ukafungwa na helikopta ikaondoka, kwa kuwa walikuwepo watu wengine wenye njaa siku hiyo.

Yaliyotokea ndani ya helikopta Gertrude aliyapata wiki tatu baadaye, alipotembelewa na Fawaz, rubani msaidizi, mtoto wa mwenye duka kule Kaloleni. Alikuja na tende na kahawa, akamwamkia kwa adabu zote.

"Mama, nilimuuliza mwanao, Askofu, hii leo ni sikukuu gani? Kila mwamba umevaa kanzu! Akanambia, hao watu wetu, wananisalimu. Kisha akaanza kuhesabu, mwamba kwa mwamba. Mimi nimeruka naye miaka tisa, sijapata kumwona akihesabu vile. Mafuta yalikuwa yametubakishia robo saa ya kutafuta, zaidi ya hapo hatufiki Voi. Ghafla akanambia, shuka la Mama limeondoka. Nikamwambia, labda ni upepo. Akasema, Mama huweka mawe manne."

Fawaz alinyanyua kikombe, akakishusha bila kunywa.

"Basi akaipandisha ndege juu. Nikamwuliza, waenda wapi, nasi muda hatuna? Akasema, Mama anatusafishia njia, tumpe dakika mbili. Dakika mbili, Mama! Zile zilikuwa dakika za roho ya mtu. Yeye akaomba kwa yake, na mimi nikaomba kwa yangu. Na nyeupe zikaanza kuondoka, moja moja, mlima ukarudi mweusi. Zikabaki mbili. Moja ikatembea."

"Ikatembea?"

"Mbuzi. Ile nyingine ndiyo Titus."

Gertrude alicheka mpaka akalia, au kinyume chake.

Zephaniah mwenyewe alikuja Desemba, pamoja na Abby na Lois. Titus alikuwa ameshaanza kutembea kwa magongo na kulalamika kwamba gunia lake halikurudishwa. Siku ya pili, Gertrude alimkuta mwanawe wa kwanza kwenye mwamba wa kunde, ameketi peke yake.

"Nilikukatia simu," akamwambia.

"Ulikuwa na haki."

"Sikuwa nayo. Mungu akubariki. Hilo ni la Jumanne ile."

Alitabasamu, mtu mzima mwenye mvi za kwanza juu ya masikio. Gertrude akaketi kando yake.

"Nilipoona limeondoka," akasema baadaye, "kabla sijaelewa, kama pumzi moja hivi, nilidhani umekufa." Aliupangusa mwamba kwa kiganja, kama anayefuta vumbi. "Usilitandaze tena, Mama. Wala wao. Siku nyingine anaweza kuwa ni mtoto wa mwingine huko juu, na rubani asiyejua mawe yako."

Gertrude alijua angesema hivyo. Alikuwa ameshayapanga maneno ya kumkatalia, akayaacha.

"Na utajuaje kwamba nipo?"

"Jumapili saa saba. Ukiniambia mhubiri alisema nini."

Tryphena alitangaza kanisani, na vijiji vingine vikakubali. Shuka alipewa Titus, kwa sababu mguu ulikuwa bado unamuuma na kitanda cha wageni kilikuwa na godoro zuri. Lilikuwa na doa la matope ya mlimani katikati ambalo sabuni haikuliweza.

Mwezi Machi mlio ulisikika tena. Saa nne na nusu, upande wa Voi. Gertrude alikuwa akianika kunde. Alimwona Tryphena akitoka mbio nyumbani kwake, na kwa mazoea akadhani anakwenda kutandaza chandarua. Tryphena alikuwa anaanua nguo kwenye kamba. Mlima mzima ulikuwa unaanua; watoto waliyakimbiza mashati yao ya shule ndani ya nyumba wakicheka. Miamba ikabaki mitupu, myeusi, inang'aa kwa mvua ya jana.

Gertrude alisimama katikati ya kunde zake, mikono mitupu, hajui aiweke wapi.

Helikopta ilifika usawa wa mlima. Iliinama kushoto, kisha kulia, ikaendelea na safari.